Afya ya Mkulima wa Chai, Mwili na Moyo

Ndugu wanachama, kila mwaka kijitabu hiki huwaelezeni hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka, na kazi iliyofanywa na Halmashauri yenu. Mwaka huu tumeona vema kuongeza habari kidogo za zamani. Hatukufanya hivyo kwa kupamba kurasa. Tulipokuwa tukikagua daftari la hesabu tuliona kuwa fungu kubwa kuliko yote limekwenda katika mazishi: jeneza, gari, chakula cha waliokuja kutoa pole. Kwa maiti tumekuwa wakarimu sana. Lakini mtu aliye hai, mwenye maumivu ya mgongo au aliyekata tamaa, hana fungu lake katika daftari letu.

Miongoni mwa wale tuliowazika alikuwamo mzee mmoja ambaye hatutamtaja jina. Majirani zake walijua tangu miezi mingi kuwa ameacha kuja barazani, na kwamba chai yake imerefuka bila kupogolewa. Kila alipoulizwa habari alijibu, "Nzuri tu." Hakuna aliyemwuliza mara ya pili. Hakufa kwa ugonjwa wa mwili. Siku ya mazishi tulijaa uani kwake hata pakakosa nafasi ya kusimama, na mkewe akatwambia maneno ambayo hatukuweza kuyajibu: "Laiti mngalikuja nusu yenu, mwezi mmoja kabla."

Kwa sababu ya maneno hayo tumetaka kutazama nyuma na kuuliza: Katika nchi hii ya Sosiot na Belgut, na Kericho yote kwa jumla, ni nani aliyemtunza mkulima mwili wake na moyo wake, na kwa njia gani?

KABLA YA CHAI

Katika lugha ya Kikipsigis dawa huitwa kerichek, na wako wasemao kuwa jina la mji wa Kericho limetoka katika neno hilo. Wengine husema limetoka kwa mzee wa Kimaasai aliyeitwa Ole Kericho. Hatutaki kuamua shauri hilo hapa. Lililo hakika ni kwamba watu wa nchi hii walikuwa na dawa zao za mitishamba na waganga wao, wanaume kwa wanawake, kabla hospitali yo yote haijajengwa.

Lakini afya haikuachiwa mganga peke yake. Nyumba zilizokaribiana zilifanya kokwet, nayo ndiyo iliyokuwa baraza ya ujirani. Humo ugomvi wa mipaka na wa mke na mume ulisikilizwa mbele ya wazee kabla haujawa chuki. Kazi nzito ya shamba, kama kupalilia wimbi, ilifanywa kwa ushirika ulioitwa morik, leo kwa huyu na kesho kwa yule, na mwenye shamba akawakirimu wenzake. Habari hizi ziliandikwa na J. G. Peristiany katika kitabu chake cha mwaka 1939, na na Ian Orchardson, aliyeishi miaka mingi kati ya Wakipsigis na ambaye kitabu chake kilitolewa mwaka 1961, baada ya kufa kwake.

Hatusemi kuwa zamani palikuwa peponi. Palikuwa na njaa, na maradhi ya ng'ombe, na watoto wengi walikufa wachanga. Hata hivyo, desturi ya kufanya kazi pamoja ilikuwa na faida iliyozidi kumaliza magugu. Mtu aliyekosa kufika siku ya zamu alionekana pengo lake, na pengo huuliza swali. Leo kila mmoja anachuma chai yake ndani ya ua wake, na anaweza kupotea siku nyingi bila ya kukosekana.

WAGENI WALIOJERUHIWA

Mwaka 1905 Waingereza walipeleka jeshi Sotik, na baada ya hapo ardhi nyingi ya Wakipsigis ikatwaliwa kidogo kidogo. Katika habari hiyo ndefu iko sura moja ambayo watu wachache huikumbuka, nayo yahusu sana jambo letu.

Vita Kuu ya mwaka 1914 mpaka 1918 viliacha maofisa wengi wa Kiingereza na vilema vya mwili, na wengine na vilema vya akili. Mwaka 1919 wengine kati yao walipewa ekari 25,000 hivi karibu na Kericho, wakaunda shirika lililoitwa British East Africa Disabled Officers Colony. Shabaha ilikuwa kwamba ofisa aliyevunjika vitani apate riziki na utulivu kwa kulima kitani katika hewa ya milimani, akiwa pamoja na wenzake waliopatwa kama yeye. Haikupita miaka mingi bei ya kitani ikaanguka katika soko la dunia, na shirika likafa kwa madeni. Katikati ya miaka ya 1920 zikaja kampuni kubwa za chai, Brooke Bond na James Finlay, na sehemu kubwa ya nchi ile ikawa mashamba ya chai tunayoyaona leo.

Twapata mafundisho mawili hapo. La kwanza ni kwamba watawala walijua vizuri, tangu mwaka 1919, kuwa mtu aliyejeruhiwa hutibiwa pia kwa ardhi, na kwa kazi, na kwa majirani wema. Walilijua hilo kwa ajili ya watu wao. Mkipsigis aliyeondolewa ili ofisa apumzike hakuna aliyeandika habari za moyo wake. La pili ni kwamba hata ofisa mwenye ekari nyingi na Serikali nyuma yake hakuweza kusimama bei ilipoanguka. Basi mkulima wa nusu ekari asione aibu akitikisika kwa sababu hiyo hiyo.

Jeraha jingine likafuata. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ambao viongozi wao wa mambo ya dini, yaani orkoiik, walihofiwa na Serikali. Wazee, wanawake na watoto walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, nchi ya joto, yenye malaria na mbung'o. Waliosalia walirudi karibu na wakati wa Uhuru, wakakuta ardhi yao ina wenyewe wengine. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya ilikubali kuwa Wakipsigis na Watalai walitendewa dhuluma, na mwaka 2022 malalamiko yao yakapelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Tunayataja haya kwa kuwa huzuni ya mzee haianzi siku zote na mambo ya jana. Mara nyingine ameirithi pamoja na jina la babu yake.

HOMA, KAZI NA VYAMA VYA USTAWI

Milima yetu ina baridi, na zamani mbu wa malaria hawakuwa na nguvu huku. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, barabara zilipofunguliwa na wafanya kazi wakaja kwa maelfu kutoka nchi za ziwani, homa ilipanda mlima pamoja nao, ikawaangusha watu ambao damu yao haikuizoea. Katika miaka ya 1940 wafanya kazi wa mashamba ya chai walipewa dawa ya proguanili kwa zamu, na homa ikapungua kwa muda wa kizazi kizima, hata ikarudi kwa nguvu mwishoni mwa karne, baada ya dawa za zamani kushindwa. Ni kazi njema, nasi twaisifu. Lakini tufahamu mpaka wake. Majani ya chai hayangojei. Mgonjwa akilala wiki moja majani yanakomaa na kuharibika. Mwili wa mfanya kazi ulitunzwa kwa ajili ya kazi. Mkulima aliyekuwa nje ya ua wa shamba kubwa alitunzwa kidogo zaidi, na moyo haukutajwa ndani ya ua wala nje yake.

Waafrika wenyewe hawakukaa kimya. Wakati huo Kericho ilikuwa katika Jimbo la Nyanza, na mwaka 1923 majirani zetu wa upande wa ziwa walikuwa na Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, chini ya uongozi wa Arkidikoni W. E. Owen. Kilidai haki katika mambo ya kodi na kazi, na papo hapo wanachama wake waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya, kulala vitandani na kupanda miti. Wako waliowacheka, wakisema kuwa chama kimeacha siasa na kushika panya. Sisi hatuwacheki. Panya huleta tauni, na mtu aliyekufa kwa tauni hadai haki yo yote. Mwaka 1925 ilifunguliwa Jeanes School huko Kabete, ambako mwalimu alifundishwa pamoja na mkewe habari za afya ya kijiji, na mwaka 1952 kikaanzishwa chama cha Maendeleo ya Wanawake. Vyama vya ustawi vya nchi hii, chetu kikiwamo, vinafuata njia hiyo.

UGONJWA WA AKILI MACHONI PA SERIKALI

Tumesema kuwa moyo haukutajwa. Ulipotajwa, ulitajwa kwa jina la wazimu. Mwaka 1910 pakafunguliwa Nairobi mahali pa kuwafungia wenye wazimu, ambapo ndipo palipokuwa baadaye Hospitali ya Mathari. Kutoka Sosiot ni safari ya mbali, na wengi walifika huko kwa mkono wa polisi. Aliyeonekana mgonjwa ni yule aliyepiga kelele sokoni au aliyevua nguo. Yule aliyekaa kimya nyumbani, asiyelala usiku wala asiyetaka kula, hakuhesabiwa.

Kosa hilo lilitiwa nguvu na elimu ya wakati ule. Daktari J. C. Carothers, aliyesimamia Mathari tangu mwaka 1938 mpaka 1950, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Ndani yake alidai kuwa akili ya Mwafrika ni ya namna nyingine, na kwamba ugonjwa wa huzuni ni haba kwake. Ajabu ni kwamba Shirika hilo hilo, katika katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 1948, lilikuwa limekwisha kusema kuwa afya ni hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha pamoja na watu, wala si kukosa ugonjwa tu.

Waliokwenda vijijini kuuliza walipata jibu tofauti. John Orley na J. K. Wing walichunguza watu wa vijiji viwili vya Uganda, wakaandika mwaka 1979 kuwa ugonjwa wa huzuni ulikuwa mwingi huko kuliko kati ya wanawake wa mtaa mmoja wa London. Na kule Nigeria, tangu mwaka 1954, Daktari Thomas Lambo wa Aro, karibu na Abeokuta, aliwaweka wagonjwa wa akili katika nyumba za wakulima wa vijiji vya jirani, pamoja na ndugu zao, wakatibiwa huku wakila na kufanya kazi na watu. Aliona kuwa kijiji chenyewe ni sehemu ya dawa. Mzee wa kokwet angalisikia habari hiyo asingalishangaa.

CHAI YA MWENYEJI

Chai ilipandwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1903 huko Limuru, lakini kwa muda wa nusu karne Mwafrika hakuruhusiwa kuipanda kwa faida yake. Njia ilifunguka katika miaka ya 1950, hasa baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Mwaka 1960 ikaundwa Mamlaka ya Mazao Maalum, na mwaka 1964 ikafuata Mamlaka ya Ustawi wa Chai ya Kenya, yaani KTDA, ambayo mwaka 2000 iligeuzwa kuwa kampuni ya wakulima wenyewe. Chai imejenga nyumba za mabati na kusomesha watoto wetu. Hakuna mtu wa Sosiot asiyejua hayo.

Lakini chai ni kazi ya kila siku, mvua ikinyesha au isinyeshe. Umande wa asubuhi hulowesha nguo mpaka kiunoni, kikapu huvuta mabega, na safari ya kituo cha kununulia majani huwa ndefu baada ya kusimama mchana kutwa. Mgongo na magoti ya wazee wetu ni daftari la kazi hiyo.

Na kazi ni ya nani? Mwaka 1993 Dorthe von Bülow na Anne Sørensen waliandika habari za wakulima wadogo wa chai wa Wilaya ya Kericho. Walionyesha kuwa mara nyingi mwanamke ndiye achumaye, na mume ndiye mwenye jina kwenye karatasi, na ndiye apokeaye fedha. Na mwanamke asiyeona faida ya jasho lake huacha kuchuma. Kila mmoja wetu amepata kusikia ugomvi wa siku ya malipo. Ugomvi huo ni ugonjwa wa nyumba nzima, na watoto ndio wausikiao zaidi.

Katika miaka ya 1970 Sara Harkness, mtafiti wa Kimarekani, alikaa kati ya jamaa za Kikipsigis, na mwaka 1987 akaandika juu ya akina mama waliojifungua. Aliona kuwa desturi za uzazi, yaani mapumziko, chakula na kuzungukwa na wanawake wenzake, zilimkinga mama na huzuni inayowapata wengi Marekani baada ya kuzaa. Basi tulikuwa na kinga yetu wenyewe. Swali ni kama bado tunayo, wakati mama hurudi katika michai mapema kwa sababu deni la mbolea linangoja.

SIKU ZETU

Mashamba yamegawanywa kati ya wana na wajukuu mpaka mengine yamekuwa robo ekari. Bonasi, ambayo mkulima huipangia karo na deni mwaka mzima, hupanda na kushuka, na wakulima wa upande wetu wa magharibi ya Bonde la Ufa wamelalamika mara nyingi kuwa yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Katika mashamba makubwa mashine za kuchumia zimechukua kazi za watu wengi; mwezi wa Mei mwaka 2023 palitokea ghasia Kericho, mashine zikachomwa moto na mtu akauawa. Machafuko ya mwaka 1992, na ya baada ya uchaguzi wa 2007, yaliwaacha majirani wakiogopana. Mwanamume aliyefundishwa tangu jandoni kuwa asilie, akipatwa na mambo haya, huenda kwenye pombe. Tumezoea kumwita mlevi. Hatukuzoea kumwita mgonjwa.

Sheria za nchi zimeanza kwenda mbele yetu. Mwaka 2020 kamati iliyoundwa na Serikali ilishauri kuwa ugonjwa wa akili utangazwe kuwa jambo la dharura kwa taifa, na mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikatengenezwa upya. Sheria iliyoachwa na wakoloni ilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Siku ya 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu hicho, cha 226, kinapingana na Katiba. Maana yake ni kwamba jamaa wa mtu wa namna hiyo wanaweza kumpeleka hospitali bila ya kuogopa kuwa watamtia gerezani. Watu wengi vijijini hawajalisikia jambo hili, na tunawaomba wasomaji wetu walitangaze. Na tangu Oktoba 2024 bima ya hospitali iliyoanza mwaka 1966 imeshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Asiyejiandikisha asingoje mpaka augue.

SHAURI LETU

Huko Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda amewafundisha wanawake wazee kukaa kwenye benchi karibu na zahanati na kumsikiliza mtu mwenye huzuni. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida. Benchi haina gharama kubwa, na wazee wenye hekima tunao.

Kwa hiyo Halmashauri inaleta mashauri haya mbele ya mkutano mkuu. Kwanza, sehemu ya fungu la mazishi igeuzwe kuwa fungu la wagonjwa walio hai, na mazishi yapunguziwe chakula wala si heshima. Pili, kila kituo cha kununulia majani kiwe na watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kumtembelea mwanachama ambaye hakuonekana kwa wiki mbili. Kazi yao haitakuwa kuhubiri, wala kutibu. Ni kuuliza habari, na wakijibiwa "nzuri tu", waketi wakaulize tena, na ikihitajika wamsindikize mpaka hospitali. Tatu, mume na mke waende pamoja siku ya malipo, na jina la mke liandikwe pamoja na la mume.

Tunajua kuwa shauri la kwanza litapingwa. Wako watakaosema kuwa kupunguza gharama za mazishi ni kumdharau marehemu. Twawaomba wakumbuke maneno ya yule mjane, kisha wapige kura.

Katika Kikipsigis sosiot ni jina la ufito wa mtende wa porini, ambao mama zetu hutumia kusafisha kibuyu na kusugulia mkaa kabla ya kutia maziwa ya mursik. Kibuyu kikiwa kizuri kwa nje lakini hakikusuguliwa ndani, maziwa huharibika, na haliwezi kujulikana mpaka kifunguliwe. Ndugu zetu wengi hupita barabarani wakiwa wazima kwa nje. Tusingoje mpaka siku ya kufungua.